Samahani, Afande

Kilifi,
12 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumai hujambo, na mama hajambo, na lile goti lake limetulia. Mimi ni mzima, Mungu anisitiri.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Malindi, nikamwambia aiache kwa wenye tuktuk, jina lako linatosha. Najua simu zipo. Lakini tangu nilipokuwa kurutu, walipotunyang'anya simu tukawa mimi nawe twaandikiana, nimezoea kukusoma. Kwenye simu wewe husema "sisi wazima," kisha unakata.

Habari kubwa ni kuwa nimerudishwa pwani. Chuo kimeleta darasa la makurutu watakaokuwa madereva wa magari ya polisi, na mimi ni mmoja wa wakufunzi. Tuko kambini nje ya mji wa Kilifi, kando ya mashamba ya mkonge. Mkuu wetu ni Inspekta Uthman, mtu wa Lamu, mpole wa sauti lakini akikutazama unajikuta unafunga vifungo vya shati.

Kazi yangu ni kuwafundisha kuendesha kwa kujihami na kwa mwendo wa dharura. Asubuhi tunapanga koni uwanjani wapite katikati bila kuzigusa. Wanajifunza kukanyaga breki kwa nguvu na bado gari likawatii, na kukwepa kitu kilichotokea ghafla bila kulipindua. Baadaye tunatoka barabara kuu na king'ora. Wengi wanadhani king'ora kikilia barabara ni yao. Nawaambia king'ora ni ombi tu, wako wasiosikia, na wako wanaosikia wakakurukia mbele kwa hofu.

Yupo kijana mmoja, Njoroge, mtu wa Nyandarua. Alipoanza alishika usukani kama anayeshika kuku asimponyoke. Sasa ndiye bora darasani. Siku ya kwanza kuiona bahari alisimama, halafu akauliza, "Afande, na hii inaisha wapi?"

Baba, wewe darasani unajulikana. Nimewasimulia ulivyoendesha lori la chumvi la Gongoni miaka yote ile bila kumkwaruza hata mbuzi. Nimewaambia ulinifundisha kule kwenye mabwawa makavu ya chumvi, na ukaniambia nikiona gari limeegeshwa nichungulie chini yake, nione kama kuna miguu ya mtu upande wa pili. Sasa makurutu wote wanachungulia miguu.

Nikipata Jumapili nitakuja. Msalimie mama.

Ndimi mwanao,
Kahaso


Malindi,
20 Januari 2025

Mayo wangu Kahaso,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima. Goti la mama yako linauma jioni tu. Anakusalimu na anasema usikae na njaa kwa kuona haya kupakua mara ya pili.

Barua yako nilipewa mbele ya watu, nikaisoma kwa sauti. Masha, mwenzangu wa tuktuk, akasema, "Kwa hiyo polisi wanafundishwa udereva na mtoto wa mwenye tuktuk?" Nikamwambia, tena ni binti, tena aliyemfundisha ndiye mimi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa mrefu. Unajua kwa nini nakuita mayo, yaani mama: jina ulilolibeba ni la mama yangu, naye alikuwa mtu wa kutembea kichwa juu. Laiti angekuona.

Kazi yangu inakwenda. Wateja ni wale wale. Kulthum wa Shella bado nampeleka Watamu na mafurushi yake ya leso, anawauzia wafanyakazi wa hoteli. Ananiamini kuliko hawa vijana wanaoendesha kwa mkono mmoja.

Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka usicheke. Mama yako anang'ang'ana niende nikapimwe macho. Ni vumbi la barabara tu. Mtu akishaoa, kila akipepesa jicho ataambiwa anakufa.

Waambie makurutu wako jambo hili: dereva mzuri huwasamehe wengine kabla hawajakosa. Ukiona mtu anataka kuingia barabarani, hesabu kwamba ataingia.

Tunakungoja hiyo Jumapili.

Ni mimi,
Baba


Malindi,
15 Februari 2025

Mayo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama yako hajambo.

Nakuandikia usije ukasikia kwa watu. Alhamisi nilipata ajali ndogo pale njia panda ya Gede. Nilikuwa nimempakia Kulthum, twatoka Watamu, nikagongana na gari la polisi. Hakuna aliyeumia. Tuktuk imepinda mbele, fundi anaishughulikia.

Kulikuwa na afande mwanamke pale. Kulthum ameshikilia kuwa ni wewe. Nimemwambia si yeye. Kahaso wangu angeniona, angeniita baba. Tena jua lilikuwa kali, na yule afande alikuwa amevaa kofia. Basi tumekubaliana kuwa hakuwa wewe.

Mama yako sijamwambia lolote.

Baba


Kilifi,
18 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Kifua chako hakikuumia ulipogonga ule usukani? Niliona ulivyokishika.

Alikuwa ni mimi, Baba. Unajua alikuwa ni mimi. Usiniwekee mlango wa kutorokea, maana nitautumia.

Tulikuwa tunatoka Malindi kurudi Kilifi, zoezi la mwendo wa dharura, king'ora kinalia. Njoroge ndiye aliyekuwa akiendesha, mimi nimekaa kando yake, wenzake wamejaa nyuma. Tulipokaribia njia panda nilimwambia, "Tazama kushoto, ile tuktuk." Akasema, "Nimeiona, afande," akatoa mguu kwenye mafuta. Ulikuwa umesimama. Nikaona umesimama. Halafu ukaingia.

Njoroge alifanya kila nilichomfundisha. Alikanyaga breki, akaachia, akakwepa kulia. Mliligusa gari letu ubavuni tu, tukaenda tukasimama upande wa pili wa barabara juu ya kibao cha njia, bampa ikavunjika. Kama si yeye kukwepa, leo ningekuwa nawaandikia watu wa mazishi.

Nilishuka na hasira. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana huyo mwenye tuktuk. Ukatoka wewe. Shati limechanika begani, ndara moja imebaki ndani, umeshika kifua, unageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Nyuma yangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Huyu mzee leseni aliipata wapi, kwenye harusi?" Wakacheka zaidi.

Na mimi nilikuwa nimewasimulia wiki nzima juu ya dereva asiyemkwaruza hata mbuzi.

Baba, sikupanga. Naapa sikupanga. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mzee, leseni yako iko wapi?" Kulthum alikuwa anajitoa kwenye mafurushi, akasema, "Kahaso!" Nikamwambia, "Mama, tulia, kaa kando." Yeye aliyenibeba mgongoni!

Wewe ulinyanyua uso. Ulipoisikia sauti uliganda, nilikuona. Kisha ukashusha macho, ukasema, "Samahani, afande. Sikuwaona." Afande! Ukaniita afande, ukasimama wima.

Ungeniita jina langu, ingekuwa rahisi. Ulinisaidia kukukana.

Njoroge ndiye aliyekuja mbio, akaingiza mkono kwenye tuktuk akakutolea ndara yako, akakuwekea mguuni. Akakuuliza, "Pole baba, umeumia?" Kijana wa watu kutoka Nyandarua alikuita baba, na mimi nilikuita mzee.

Nikasema, "Hakuna aliyeumia, mzee nenda zako." Nikapanda gari. Njia nzima hadi Kilifi nilikuwa nawaeleza makurutu kuhusu njia panda, sijui nilichokuwa nasema.

Sijui niombe radhi kwa maneno gani. Nijibu tafadhali, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Kahaso


Kilifi,
4 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Kondakta ananiambia barua alikukabidhi mwenyewe mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua.

Nimepiga simu, mama akapokea. Alinisalimia vizuri, kwa hiyo hajui. Nikamuuliza uko wapi, akasema umekaa nje. Nikamwambia akupe simu. Nikakusikia ukimwambia, "Mwambie nimelala." Saa hizo adhuhuri, Baba.

Jumapili iliyopita nilipata ruhusa. Nilifika hadi kituo cha mafuta pale mwanzo wa mji, nikashuka, nikanunua maji, nikapanda gari la kurudi Kilifi. Sikuweza kupita mbele ya wenzako.

Nijibu.

Kahaso


Malindi,
10 Machi 2025

Mayo,

Salamu. Mama yako hajambo. Mimi niko.

Barua yako nilikuwa sijaifungua kwa sababu siku hizi herufi zinanififilia, siwezi tena kuisoma peke yangu, na nani nimwambie anisomee barua hiyo? Mwisho nikampelekea Kulthum. Alinisomea baada ya kufuturu. Akafika mahali pale pa "mama, tulia," akajifuta macho kwa leso, akaendelea. Na hii nayo anaiandika yeye, mimi nasema. Usione haya, ameshasikia yote.

Nina neno la kukwambia nami. Jicho la kulia halioni. Si vumbi. Lilianza kama ukungu, nikawa nasafisha kioo cha tuktuk kila saa nikidhani ni kioo. Sasa upande ule ni kama pazia la gunia. Pale Gede nilisikia king'ora. Nilitazama kushoto, kweupe. Nikatazama kulia, nikaona mwangaza tu, nikadhani king'ora kiko nyuma yangu, nikasema niwapishe. Kwa hiyo niliwaingilia nikidhani nawapisha.

Nilijua haifai niendeshe. Nimejua tangu mwaka jana. Niliona haya kusema. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa kuendesha, akisema sioni, anabaki nani? Nikambeba Kulthum na mafurushi yake kwa jicho moja, na watoto wa shule pia nimewabeba. Kulthum anaandika haya na hasemi neno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ulichonifanyia wewe.

Wewe ulinionea haya, na mimi nilistahili kuonewa haya, ila si kwa shati lililochanika.

Tuktuk imetengenezwa lakini funguo nimempa mama yako. Alipouliza kwa nini nikamwambia yote. Yako pia. Nisamehe, sikuweza kumdanganya tena. Akaenda kupika.

Sasa niambie. Yule kijana aliyeniletea ndara, aliyeniita baba. Alifanywaje kwa ile bampa?

Baba


Kilifi,
13 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kuona neno lako, hata kwa mkono wa Mama Kulthum. Shikamoo Mama Kulthum. Sijui kama unaitikia.

Pole sana kwa jicho. Ungeniambia, Baba. Lakini nani angetaka kuniambia mimi kitu.

Umeniuliza habari za Njoroge. Nilitumaini hutauliza.

Gari la chuo likiharibika, mkufunzi anatakiwa aeleze kilichotokea. Kama ningesema tuktuk iliingia barabarani, wangemtafuta mwenye tuktuk. Ungeletwa hapa, jina lako lingesomwa, Kalama Ngowa, na jina langu mimi ni Kahaso Kalama. Wangejua nilimuacha baba yangu aende na kwamba nilimkana mbele ya darasa. Nilimwambia Inspekta Uthman kwamba mwanafunzi hakupunguza mwendo kwenye njia panda, akapoteza udhibiti. Makurutu wenzake walikuwepo, lakini kurutu gani atabisha na afande wake?

Inspekta alimwita Njoroge mbele yangu. Akamuuliza, "Kijana, afande wako anasema kweli?" Njoroge alinitazama. Si kwa hasira, ilikuwa kama anasubiri nimsaidie kukumbuka. Nikatazama ukutani. Akasema, "Ndiyo, afande."

Ametolewa kwenye kozi. Kwa sasa anafyeka nyasi kando ya uwanja wakati wenzake wanaendesha, na mwisho wa mwezi shauri lake litaamuliwa, huenda akarudishwa kwao kabisa. Kila nikipanga koni yuko pale na panga lake. Ananisalimia kila asubuhi. "Habari ya asubuhi, afande." Nimeanza kupanga koni upande wa pili wa uwanja.

Baba, nakuomba. Nikisema ukweli leo nitavuliwa cheo, pengine kazi yenyewe, na wewe utapelekwa kortini kwa kubeba watu na jicho bovu. Njoroge bado kijana, atapata kazi nyingine. Liache lipite. Funguo umeshampa mama, hutaendesha tena, hakuna atakayeumia.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho tena. Siifuti. Uone nimefika wapi.

Mwanao,
Kahaso


Kilifi,
29 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mama shikamoo. Mama Kulthum, shikamoo, na sikukuu njema mwezi ukiandama.

Jumatatu hii nilikuwa nimewapeleka makurutu barabara ya Kaloleni, tukarudi adhuhuri. Inspekta Uthman akaniita ofisini. Kwenye kiti cha wageni kulikuwa na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Akaniambia, "Koplo, kaa." Sikukaa.

Akasema, "Leo nimepata mgeni. Mzee mmoja kutoka Malindi, kaongozwa na bibi aliyefunga, wamekuja kwa basi juani. Nimempa maji, mzee akakataa, akasema hawezi kunywa na mwenzake kafunga. Kaniambia yeye ndiye aliyeliingilia gari letu pale Gede. Jicho lake la kulia halioni, na yule kijana hana kosa lolote, bali ndiye aliyewaokoa. Kaniambia nimshike yeye, nimwachie kijana."

Nilikuwa natazama ile chupa.

"Nikamuuliza jina lake," akasema Inspekta. "Kalama Ngowa. Nikamuuliza, mzee, ninaye koplo hapa anaitwa Kahaso Kalama, ni nani wako? Akasema, 'Kina Kalama ni wengi huku kwetu. Simjui.' Bibi aliyekuja naye akageuza uso."

Halafu akaniuliza taratibu, kwa ile sauti yake ya Lamu, "Na wewe Koplo, wamjua?"

Baba, ulikuja safari yote hiyo usiyoiona upande mmoja, ukasema ukweli wako wote, ukabakisha uongo mmoja kwa ajili yangu. Ulinipa tena ule mlango. Ningeweza kusema simjui, na ingekuwa imekwisha: Njoroge angerudi kwenye gari, na mimi ningebaki na cheo changu.

Nilisema, "Ni baba yangu, afande. Pale Gede nilijua ni baba yangu."

Inspekta hakushangaa. Alikuwa anajua, nadhani alijua mara tu alipokuona unavyokaza taya, maana mimi nafanya hivyo hivyo. Akasema, "Nilitaka uniambie wewe." Akaniuliza kwa nini nilimsingizia kijana. Nikamwambia niliona haya. Akasema, "Haya kwa mzazi wako?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Mimi baba yangu alikuwa akizoa taka mjini Lamu. Nikimwona nilipita upande wa pili wa njia, mpaka akafa." Akaniambia nitoke.

Kesho yake niliomba ruhusa niseme mbele ya darasa. Hakunilazimisha mtu. Walijipanga mstari, Njoroge mwisho, na panga lake. Nikawaambia yule mzee mliyemcheka ni yule yule dereva wa lori la chumvi. Ni baba yangu. Alikuwa haoni jicho moja, na mimi nilikuwa na macho mawili. Njoroge aliendesha vile inavyotakiwa, nami nilisema uongo juu yake ili nisijulikane ni mtoto wa nani.

Nilifikiri watanicheka. Hawakucheka. Yule aliyesema mambo ya leseni na harusi alianza kulia, na mimi nikatamani angecheka.

Baadaye nilimfuata Njoroge. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Akanitangulia, "Afande, mzee alirudi salama? Nilimuona getini, nikataka kumsindikiza hadi barabarani, lakini nilikuwa nimeambiwa nisitoke kwenye nyasi." Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Sijui bado, afande. Mama yangu nilishamwambia nimefukuzwa. Alilia sana. Sijui bado." Hilo ndilo alilosema, na ni haki yake.

Amerudishwa kwenye kozi. Jana alifanya mtihani wa mwendo wa dharura, mkufunzi mwingine kando yake. Nilitazama kutoka kwenye nyasi. Hakugusa koni hata moja.

Mimi nimeondolewa ukufunzi. Shauri langu litasikizwa Nairobi. Cheo huenda kikaenda, na kazi pia huenda. Kuhusu wewe, Inspekta amesema maelezo yako yatapelekwa kituoni Malindi na utaitwa, lakini ataandika kwamba ulijileta mwenyewe.

Nina ruhusa ya siku chache baada ya sikukuu. Sijui kama nina nyumba ya kuja. Mama hapokei simu yangu tena. Nikija, nitapitia njia ya nyuma, kule kwenye mtaro, jioni kidogo, ili nisiwaaibishe mbele ya watu.

Niambie kama nije.

Kahaso


Malindi,
6 Aprili 2025

Mayo wangu Kahaso,

Marahaba. Kulthum amesema marahaba pia, na amesema nikwambie kwamba ile shikamoo ya tarehe kumi na tatu aliiitikia moyoni, ila mdomo ulikuwa mzito. Ndiye anayeandika.

Tumekula Idi kwake. Mama yako alikula. Goti linamsumbua kwa sababu sasa anatembea kwenda sokoni, hana dereva. Hapokei simu yako kwa kuwa anasema akisikia sauti yako atakusamehe haraka, na yeye hataki iwe haraka. Mwache. Anakitandika kitanda chako kila asubuhi.

Nimeitwa kituoni, nikaenda, nikasema nilivyosema Kilifi. Leseni wameichukua. Nilipoitoa mfukoni mkono ulikataa kuiachia, yule askari akaivuta pole pole kama anavyovuliwa pete mtu aliyevimba. Daktari wa macho ameniangalia. Ni mtoto wa jicho, amekomaa, atapasuliwa zamu yangu ikifika. Anasema huenda nikaona tena. Kuendesha watu sitaendesha, hilo nimeliamua mwenyewe.

Nilikwenda nyumba za wazazi wa wale watoto wa shule, moja baada ya nyingine, nikawaambia nilikuwa nawabebea watoto wao bila kuona. Mwingine alinishukuru. Mwingine alinifungia mlango usoni, na nikaona ana haki. Nilisimama pale nje ya mlango uliofungwa nikamwelewa yule kijana wako alivyosema sijui bado.

Kuhusu kusema sikujui kule Kilifi. Nilidhani nakufanyia wema. Kulthum alinikemea ndani ya basi mpaka Malindi. Akaniambia, "Kalama, mmoja alikana kwa aibu, wa pili kwa mapenzi, na mtoto wa watu bado anafyeka nyasi." Kwa hiyo hata mimi uniwie radhi. Sikukuachia nafasi ya kunijua.

Sasa hili la kuja.

Usipite kwenye mtaro. Usije jioni. Wenzangu pale kwenye tuktuk wamesikia yote, mji huu unaujua. Hawaniulizi, ila nikifika mazungumzo yanakatika, Masha ananipa kiti upesi kama mgonjwa. Walikuwa wakinitania, "Baba afande." Siku hizi hawanitanii. Mimi hukaa pale kila siku hata bila tuktuk, maana nikibaki nyumbani nitakuwa nimekubali kushindwa.

Njoo mchana, wakiwepo wote. Mimi nitakuwa nimekaa. Sitasimama, wala sitakuita, wala sitasema neno la kukusaidia, maana nimeshakusaidia mara mbili na zote zilikuwa mbaya. Njoo upande wangu wa kulia, ule nisioona, ili nisijue umefika mpaka uniite mwenyewe.

Useme kwa sauti. Masha ana masikio mazito.

Ni mimi,
Baba